Kufunga nimfu ya uzito kwa ajili ya trauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudiwa zaidi na wakazi wa Dar es Salaam wanaojifungia chambo nyumbani kabla ya kupanda kwenda kwenye mito ya baridi kuvua samaki aitwaye trauti. Anayeanza ayasome kwa mfululizo. Aliyekwisha kufunga chambo kadhaa anaweza kuruka moja kwa moja hadi sehemu ya uzito, kwa kuwa hapo ndipo nimfu nyingi huharibika, hata zile zinazopendeza machoni.

## Mambo ya msingi

1. Nimfu ya uzito ni nini?

Ni chambo bandia kidogo kinachofungwa juu ya ndoana kwa uzi, nyuzinyuzi za unyoya na manyoya laini ya mnyama, ili kifanane na wadudu wachanga wanaoishi chini ya mawe mtoni kabla hawajaota mbawa. Wadudu hao wamo katika karibu kila kijito safi cha milimani. Ukigeuza jiwe lililo ndani ya maji ya kasi utawaona wakikimbilia upande wa giza: wengine bapa, wenye mikia miwili au mitatu, na wengine wamejificha ndani ya vijumba walivyojijengea kwa chembe za mchanga.

Trauti hupata sehemu kubwa ya chakula chake karibu na sakafu ya mto, ambako mkondo umepungua nguvu na wadudu ni wengi. Unyoya na uzi peke yake ni vyepesi mno. Mkondo huvichukua na kuvipitisha juu ya samaki bila yeye kujishughulisha navyo. Kwa hiyo ndani ya chambo huwekwa ushanga wa metali, au waya mzito unaozungushwa kwenye shina la ndoana, au vyote viwili.

2. Dar es Salaam hakuna trauti. Kuna faida gani kujifunza hapa?

Trauti ni samaki wa maji baridi. Hustawi maji yanapokuwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi, huanza kutaabika yakipita 20, na hawezi kustahimili kwa muda mrefu yakikaribia 25. Pwani hatuna mto wa namna hiyo. Hata milimani kwetu yeye ni mgeni: aliletwa wakati wa ukoloni na kupandikizwa kwenye mito ya juu, kama ilivyofanyika Kenya tangu mwaka 1905 katika milima ya Aberdare. Mkazi wa Dar es Salaam anayemtafuta leo hupanda nyanda za juu kusini, hasa Mufindi na uwanda wa Kitulo, au huvuka mpaka kwenda kwenye mito inayotoka Mlima Kenya na Aberdare.

Umbali huo ndio sababu ya kufunga mapema. Ukifika Mufindi baada ya zaidi ya kilomita 500 za barabara, utavua kwa kile ulichobeba tu. Aliyejifungia mwenyewe hufika na nimfu za uzito mbalimbali alizozichagua kwa kufikiri, na zikinasa kwenye mizizi na kupotea, haumii kama aliyezinunua moja moja kutoka nje. Kumbuka pia kwamba Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Usitupe mshipi humo kabla ya kuuliza kuhusu kibali.

3. Nianze na nimfu ya aina gani?

Anza na ile iliyotokana na kazi ya Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kusini mwa Uingereza katika karne ya 20. Alitumia vitu viwili tu: nyuzinyuzi za mkia wa ndege aitwaye fizanti na waya mwembamba wa shaba nyekundu. Waya huo ulifanya kazi ya uzi, ukawa uzito, na rangi yake ikaonekana kati ya nyuzinyuzi. Sawyer hakuweka miguu, kwa kuwa alichunguza wadudu wenyewe na kuona kwamba wanapoogelea hukunja miguu yao na kuibana mwilini.

Umbo hilo linakufundisha mambo matatu ambayo utayahitaji katika kila nimfu nyingine: mkia mfupi, tumbo jembamba linalonenepa kuelekea mbele, na kifua kilichovimba kidogo. Ukiongeza ushanga kichwani unapata nimfu inayofaa kwa mito yetu ya milimani, ambayo ina kasi kuliko ile ya Sawyer. Hatua zake ziko katika swali la 11.

## Vifaa na mahali pa kuvipata

4. Ni vifaa gani vya lazima?

Jiliwa dogo la kushikilia ndoana, kishikio cha kibobini cha uzi, mkasi mdogo wenye ncha kali, kibanio, na sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kipande cha mti. Jiliwa ndilo pekee lisiloruhusu ubahili, kwa sababu taya zikilegea ndoana hugeuka kila unapokaza uzi, nawe hutajifunza kukaza. Mkasi wa kukatia nyuzi za cherehani unafaa ukiwa mpya, mradi usiutumie kukata waya. Waya ukatwe kwa sehemu ya nyuma kabisa ya makali au kwa koleo.

Uzi wa kawaida wa cherehani ni mnene mno kwa ndoana ndogo. Uzi wa ovaloku unaouzwa kwa mafundi Kariakoo ni mwembamba zaidi na hulala bapa ukiulegeza msokoto, hivyo unatosha kwa ndoana namba 10 na 12. Kwa namba 14 kwenda chini, agiza uzi halisi wa kazi hii wenye denia 70 au chini ya hapo (denia ni kipimo cha unene wa uzi).

5. Ndoana zinazouzwa karibu na Feri zinafaa?

Kwa sehemu kubwa hazifai. Ni ndoana za kuvulia changu na kolekole, nene na kubwa mno kwa mdudu mwenye urefu wa sentimita moja. Unahitaji ndoana ya nimfu yenye namba kati ya 10 na 16, na ukumbuke kwamba katika vipimo hivi namba ikiongezeka ndoana inapungua ukubwa. Kama ungelazimika kununua ukubwa mmoja tu, nunua 14.

Ndoana zenye shingo iliyopinda zinastahili kuagizwa pia. Jicho lake liko juu ya usawa wa shina, hivyo uzito wa ushanga huigeuza nimfu majini na ncha ikatazama juu. Matokeo yake ni kunasa mawe kwa nadra zaidi.

6. Unyoya wa fizanti haupatikani. Nitumie nini?

Tumia unyoya wa mkia wa bata mzinga wa rangi ya kahawia. Nyuzinyuzi zake ni ndefu, imara, na zina vinyweleo vidogo vya pembeni vinavyolipa tumbo la nimfu mwonekano wa kitu hai. Manyoya ya mkia ya jogoo wa kienyeji mwekundu yanafaa pia ingawa ni laini kidogo, nayo hupatikana kwa wachinjaji kwenye masoko ya kuku kama Shekilango, ambao huwa wanayatupa. Chagua yaliyo makavu, yaoshe kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu, yasuuze, kisha yaanike kivulini. Manyoya yenye madoa meupe ya kanga wa kufugwa ni mazuri kwa miguu ya nimfu, ukipenda kuiweka. Manyoya ya kufungia kifua cha nimfu yachukue kwa sungura wa kufugwa, sehemu ya usoni na masikioni ambako ni mafupi na yana mchanganyiko wa rangi.

Usiokote wala kununua manyoya ya ndege wa porini au ngozi ya sungura wa porini. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu sehemu za mnyamapori kuwa nyara za serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa hata kama uliziokota njiani. Kuku, bata mzinga na sungura wa bandani wanatosheleza kila kitu kinachotakiwa hapa.

7. Waya wa shaba wa fundi wa kusuka mota unafaa?

Unafaa sana, na ni moja ya neema za kufungia chambo katika mji huu. Mafundi wa Gerezani na kwingineko wanaosuka mota za feni na pampu hubakiwa na vipande vya waya mwembamba ambavyo havina kazi tena kwao. Omba waya wenye unene wa kati ya milimita 0.1 na 0.2. Koti la vanishi lililoupaka huupa rangi nyekundu iliyokolea na kuuzuia kugeuka kijani.

Hakikisha ni masalio ya waya mpya. Waya uliotolewa kwenye mota iliyoungua huwa mweusi, una magamba ya vanishi iliyokauka, na mara nyingi hukatika unapoukaza. Jaribu hivi: zungusha kipande kwenye sindano mara kumi, kisha kifumue, kikikatika kabla hujamaliza, kiache.

## Uzito

8. Tungsteni, shaba, risasi au kioo: nichague kipi?

Tofauti iko kwenye uzito wa kila sentimita ya ujazo. Tungsteni safi ina gramu 19.3, ingawa shanga hutengenezwa kwa mchanganyiko ulio chini kidogo ya hapo. Risasi ina 11.3, shaba nyekundu karibu 9, shaba ya njano karibu 8.5, na kioo karibu 2.5. Lakini nimfu inafanya kazi ndani ya maji, na maji huipunguzia kila sentimita ya ujazo gramu moja ya uzito. Ukitoa hiyo moja, ushanga wa tungsteni unabaki na uzito unaozidi mara mbili ule wa shaba ya njano wa ukubwa uleule, na kioo kinabaki na kama moja ya tano ya shaba ya njano.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tungsteni imependwa hivi. Inakuruhusu kufunga nimfu ndogo ambayo bado inafika chini haraka, wakati kwa shaba ungelazimika kuongeza ukubwa wa ushanga hadi chambo kipoteze sura ya mdudu. Kwa maji ya kasi yenye kina cha kuanzia magotini, nanunua tungsteni bila kujiuliza, ingawa bei yake ni kubwa kuliko ya shaba. Kwa maji yasiyofika magotini shaba inatosha, na mara nyingi ni bora, kwa kuwa hushuka taratibu kama mdudu halisi aliyeng'olewa na mkondo.

Kioo tunacho kwa wingi kwenye maduka ya shanga Kariakoo. Kinafaa kwa maji tulivu na ya kina kifupi, na kwa mazoezi ya mikono. Jihadhari na shanga za mapambo zinazong'aa kama dhahabu, kwani nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi. Idondoshe moja kwenye glasi ya maji kabla ya kulipia: ya metali hugonga kitako cha glasi mara moja, ya plastiki huyumba ikishuka au huelea.

9. Ushanga wa milimita ngapi kwa ndoana ipi?

Kwa ndoana namba 16 tumia milimita 2.5 au pungufu kidogo. Kwa 14 tumia 2.8 hadi 3. Kwa 12 tumia 3.3 hadi 3.5, kwa 10 tumia 3.8 hadi 4. Ushanga ukizidi hapo huziba nafasi kati ya shina na ncha, na ndoana haishiki mdomo wa samaki. Kabla ya kufunga chochote, uvalishe kwenye ndoana na uitazame ubavuni. Nafasi iliyobaki kati ya ushanga na ncha izidi unene wa ushanga wenyewe.

10. Waya wa risasi nizungushe mara ngapi, na je, ni salama?

Chagua waya wenye unene unaolingana na shina la ndoana au pungufu kidogo; kwa namba 14 hiyo ni kama milimita 0.4. Ukiwa na ushanga wa tungsteni, mizunguko sita hadi minane nyuma yake inatosha, nayo husaidia pia kuushikilia usicheze. Bila ushanga, unaweza kufika mizunguko kumi na miwili au kumi na minne, yote ikiwa nusu ya mbele ya shina, kwenye eneo la kifua. Uzito ukisogea nyuma nimfu hushuka mkia ukitangulia.

Kuhusu usalama, risasi ni sumu na madhara yake hujilimbikiza. Usiikate kwa meno, nawa mikono kabla ya kula, na usiiache mezani panapoandaliwa chakula. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vizito vingi vya risasi vya kuvulia mwaka 1987, baada ya kubainika kwamba bata maji walikuwa wakivimeza na kufa. Mito tunayovua sisi ndiyo inayowapa maji wanavijiji walio chini yake. Hiyo kwangu ni sababu ya kutosha ya kutumia waya usio na risasi, au kuongeza mizunguko ya waya wa shaba wa swali la 7, na kukubali kwamba utakuwa mwepesi kiasi.

## Kufunga kwenyewe

11. Hatua za kufunga ni zipi, tangu mwanzo hadi mwisho?

Maelezo haya ni ya ndoana namba 14 yenye ushanga wa milimita 3. Kwanza bana kijino cha ndoana, kile kinachochomoza nyuma ya ncha, kwa koleo dogo mpaka kilale, kwa sababu ushanga hupita kwa urahisi zaidi na samaki hutolewa bila kuchanika. Tazama ushanga: una tundu dogo upande mmoja na tundu pana upande wa pili. Ncha ya ndoana iingie kwenye tundu dogo kwanza, ili tundu hilo liishie kwenye jicho na lile pana litazame nyuma. Kisha shika ndoana kwenye jiliwa, shina likiwa sambamba na meza.

Zungusha waya mzito mara sita kwa vidole kwenye shina, ukate ncha zote mbili, kisha usukume mizunguko hiyo kwa kucha hadi iingie ndani ya tundu pana. Anzisha uzi nyuma ya waya, jenga mteremko mdogo wa uzi ili waya usiache ngazi, upitishe uzi juu ya waya mara chache, kisha urudishe hadi mahali shina linapoanza kupinda. Tone moja dogo la supagluu juu ya waya hapa linazuia matatizo mengi ya baadaye.

Sasa mkia. Chambua nyuzinyuzi nne au tano za unyoya, zilinganishe ncha kwa kuzivuta zisimame wima kutoka kwenye uti kabla ya kuzikata, na uzifunge ncha zikitokeza nyuma kwa urefu wa nusu ya shina au zaidi kidogo. Hapohapo funga waya mwembamba wa shaba, ukiulaza kwenye shina hadi nyuma ya waya mzito ili tumbo lisiwe na kinundu. Mabaki ya nyuzinyuzi za mkia yashike pamoja na uyazungushe kuelekea mbele, kila mzunguko ukigusa uliotangulia, mpaka ubakize theluthi moja ya shina. Yafunge kwa uzi na ukate yanayozidi. Chukua waya wa shaba na uuzungushe upande ulio kinyume na ule wa nyuzinyuzi, mara nne au tano kwa nafasi zinazolingana. Sababu yake iko katika swali la 14.

Kifua ndicho sehemu ya raha. Funga kishungi kingine cha nyuzinyuzi sita hadi nane, kikilala kuelekea nyuma. Hiki ndicho kitakachokuwa gamba la mgongoni. Paka uzi nta kidogo, chukua manyoya ya sungura kiasi ambacho ukikipuliza kitaruka, na uyasokote kwenye uzi upande mmoja tu kwa kidole gumba na cha shahada. Zungusha mara tatu au nne hadi ufike kwenye ushanga. Vuta kile kishungi mbele juu ya kifua, kikaze kwa mizunguko mitatu nyuma ya ushanga, ukate kinachozidi. Malizia kwa fundo lililoelezwa katika swali la 15, kisha chomoa vinyweleo vichache vya kifuani kwa sindano ili vitokeze pembeni kama miguu.

12. Ushanga unacheza na kuzunguka. Nifanyeje?

Waya mzito haukuingia vya kutosha ndani ya tundu pana, au ni mwembamba kuliko inavyotakiwa. Kama hutumii waya mzito, jenga kilima cha uzi nyuma ya jicho, kipake supagluu, sukuma ushanga juu yake na uweke uzi mwingine nyuma. Ushanga unaocheza hukata uzi kidogo kidogo, na nimfu hufumuka baada ya samaki wa pili au wa tatu.

13. Kwa nini mwili wa nimfu yangu unanenepa kila mara?

Kwa sababu ya mizunguko ya uzi isiyo na kazi na manyoya mengi. Kila mzunguko uwe na shughuli: kushika kitu au kukupeleka mahali. Mitatu ikishika kitu, wa nne unanenepesha tu. Manyoya unayosokota kwenye uzi yapunguze nusu, kisha uyapunguze tena.

Hili linagusa uzito moja kwa moja. Nimfu nene hupambana na maji, na manyoya yake hushika viputo vya hewa, hivyo yenye ushanga wa tungsteni inaweza kushuka taratibu kuliko nyembamba yenye ushanga wa shaba. Wengi wanaoniuliza namna ya kuongeza uzito huwa wanachohitaji ni kupunguza manyoya.

14. Nyuzinyuzi za tumbo zinakatika baada ya samaki mmoja. Kuna dawa?

Trauti ana meno madogo makali, na nyuzinyuzi za unyoya ni dhaifu. Dawa ni waya wa shaba uliozungushwa kinyume, kwani kila mzunguko wake unapita juu ya nyuzinyuzi na kuzikandamiza. Zikikatika sehemu moja, zilizobaki hazifumuki. Ukizungusha waya upande uleule, huzama katikati ya nyuzinyuzi na haulindi chochote. Unaweza pia kupaka supagluu nyembamba mno kwenye shina kabla tu ya kuzungusha nyuzinyuzi.

15. Fundo la mwisho linafumuka. Nimekosea wapi?

Fundo la kumalizia ni lile ambalo uzi unazungushwa juu ya sehemu yake yenyewe mara nne au tano, kisha mwisho wake unavutwa chini ya mizunguko hiyo. Likifumuka, kwa kawaida mizunguko ilipandiana, au nyuzinyuzi moja ya kifua ilinaswa ndani. Rudisha manyoya nyuma kwa vidole vya mkono wa kushoto, funga mafundo mawili mafupi badala ya moja refu, na uweke tone la rangi ya kucha isiyo na rangi kwa ncha ya sindano. Tone lisiguse jicho la ndoana.

## Joto, unyevu na feni

16. Supagluu inakauka kabla sijamaliza, na rangi ya kucha haikauki. Kwa nini?

Vyote viwili ni matokeo ya unyevu wa pwani. Supagluu hugandishwa na mvuke wa maji uliomo hewani, kwa hiyo hapa, hasa wakati wa masika, hushika upesi. Itoe kwa ncha ya sindano tone moja moja, na chupa ihifadhiwe imefungwa kabisa ndani ya chombo chenye vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Rangi ya kucha, kinyume chake, hukauka kwa kiyeyushi kupaa, na hewa nzito yenye unyevu huipunguzia kasi na wakati mwingine huacha ukungu mweupe. Paka tabaka jembamba na uziache nimfu usiku kucha.

17. Nihifadhi vipi ndoana na manyoya?

Ndoana zihifadhiwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya swali lililotangulia. Anayekaa karibu na bahari, Msasani au Kigamboni, asiache ndoana mezani hata kwa juma moja. Manyoya yaliyooshwa na kukauka kabisa yatiwe kwenye mifuko ya plastiki inayofungika, na kila mfuko mpya ukae kwenye friza kwa juma moja au mawili kabla ya kuchanganywa na mingine, ili kuua mayai ya nondo na wadudu wengine wala manyoya. Manyoya yaliyotoka sokoni yakaingizwa moja kwa moja kwenye akiba yanaweza kuimaliza yote.

18. Nifungie feni ikiwa imewashwa?

Ielekeze miguuni. Manyoya ya sungura hayavumilii hata upepo mdogo, lakini mikono yenye jasho nayo huyagandisha vidoleni. Taulo dogo mapajani linasaidia.

## Majini

19. Nitajuaje kama uzito umetosha?

Anza nyumbani. Jaza ndoo maji, loanisha nimfu na uiminye ndani ya maji mpaka viputo viishe, kisha iachie pamoja na nyingine unayoifahamu. Tazama ipi inatangulia na kama inashuka kichwa kikiwa mbele. Jaribio hili ni fupi, nami sioni sababu ya kusafiri na nimfu ambayo haijapita kwenye ndoo.

Mtoni, weka boya dogo kwenye mshipi kwa umbali wa takriban mara moja na nusu ya kina cha maji kutoka kwenye nimfu. Boya likisitasita mara moja moja, nimfu inagusa sakafu, na uzito ni sahihi. Lisiposita kabisa, huifikii sakafu. Likisimama kila mara, umezidisha, nawe utapoteza chambo kwenye mawe. Badili uzito kabla ya kubadili rangi au umbo.

Katika nyanda za juu kusini mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maji yanapoanza kusafika baada ya hapo bado huwa na nguvu na yanataka tungsteni. Kufikia Septemba mto uleule umepungua, na ushanga mdogo wa shaba unatosha.

20. Rangi ya ushanga ina umuhimu?

Ina umuhimu mdogo kuliko wauzaji wanavyodai. Rangi ya dhahabu kwa maji yenye tope, ya shaba nyekundu au nyeusi kwa maji maangavu.

21. Naweza kufunga nimfu mbili kwenye mshipi mmoja?

Ndiyo, pale kanuni za mto zinaporuhusu. Nzito ifanye kazi ya nanga, na nyepesi isiyo na ushanga ifungwe kwa kipande cha mshipi cha sentimita 40 hadi 50. Nyepesi huogelea kwa uhuru zaidi, na mara nyingi ndiyo inayochukuliwa.

## Hali za pekee

22. Naweza kujaribu nimfu kwa perege bila kusafiri?

Unaweza, kwenye bwawa la mfugaji aliyekukubalia. Perege huchukua chambo kidogo kinachoshuka taratibu, kwa hiyo weka tungsteni pembeni na utumie kioo au mizunguko michache ya waya wa shaba kwenye ndoana namba 12 au 14. Mdomo wake ni mdogo na huonja kabla ya kumeza. Utajifunza kutazama mshipi, ustadi uleule unaohitajika kwa trauti.

23. Watoto wanaweza kushiriki?

Wanaweza, kwa ndoana kubwa iliyobanwa kijino na shanga za kioo. Risasi na supagluu zikae mbali nao.

24. Nimfu iliyochakaa naweza kuifumua?

Ndiyo, na ushanga wa tungsteni haustahili kutupwa. Pitisha wembe kwenye tumbo kutoka nyuma kwenda mbele, ukiuelekeza mbali na vidole, na vuta uzi wote. Kisha jaribu ncha ya ndoana kwa kuiburuta polepole juu ya ukucha wa kidole gumba: ikishika, ndoana bado ni kali na unaweza kuifunga upya, ikiteleza, inoe kwa tupa ndogo au uikate kwa koleo nyuma ya ushanga. Supagluu iliyobaki ndani ya tundu hulainika ukiuloweka ushanga kwenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, kwa saa chache. Usafishe kwa sindano na uukaushe kabla ya kuurudisha kwenye kopo.